Uchumi mzunguko katika utengenezaji wa matanga

Uchumi mzunguko katika utengenezaji wa matanga ni namna ya kubuni, kushona, kutunza na kurejeleza matanga ya vyombo vya majini ili malighafi yake iendelee kutumika kwa muda mrefu iwezekanavyo, badala ya kuishia dampo au kwenye tanuri la kuchomea taka. (Katika makala hii "matanga" ni wingi wa tanga la chombo, si matanga ya msiba.)

Kwa sehemu kubwa ya historia ya usafiri wa baharini jambo hili halikuhitaji jina. Matanga yalifumwa kwa nyuzi za mimea, yalitiwa viraka hadi yasiweze kubeba kiraka kingine, kisha yakageuzwa kuwa kitu kingine au yakaoza. Hali ilibadilika katikati ya karne ya 20, pale nyuzi za plastiki zilipochukua nafasi ya pamba na kitani. Tanga la kisasa ni jepesi na lina nguvu kuliko lolote lililotangulia, lakini haliozi, na aina nyingi zimeunganishwa kwa gundi kutoka malighafi tofauti ambazo ni vigumu kuzitenganisha. Ajabu ni kwamba chombo kinachosukumwa na upepo, yaani nishati isiyochafua hewa, huacha nyuma taka za plastiki zinazodumu kuliko baharia wake.

Chimbuko la wazo

Uchumi wa kawaida wa viwanda huitwa wakati mwingine uchumi mstari: malighafi huchimbwa, bidhaa hutengenezwa, hutumika, hutupwa. Mwaka 1966 mwanauchumi Kenneth Boulding aliilinganisha dunia na chombo cha angani kisicho na ghala la nje, ambamo kila kitu hakina budi kutumika tena. Mwaka 1976 Walter Stahel, msanifu majengo wa Uswisi, pamoja na Geneviève Reday waliiandikia Tume ya Ulaya ripoti iliyoonyesha kwamba kutengeneza vitu vilivyochakaa huokoa nishati na kuongeza ajira, kwa kuwa kazi hiyo hutumia mikono mingi na malighafi kidogo. Mwaka 2002 William McDonough na Michael Braungart walitoa kitabu chao Cradle to Cradle, ambamo walitofautisha mizunguko miwili: wa kibiolojia, ambao vitu vyake hurudi udongoni, na wa kiufundi, ambao vitu vyake hurudi kiwandani. Tofauti hiyo ni muhimu sana kwa matanga, kama itakavyoonekana hapa chini.

Aliyelieneza wazo hili kwa umma kuliko wengi ni baharia wa matanga. Ellen MacArthur wa Uingereza alishika nafasi ya pili katika mashindano ya Vendée Globe ya 2000–2001, na tarehe 7 Februari 2005 alivunja rekodi ya kuizunguka dunia peke yake bila kusimama kwa siku 71, saa 14, dakika 18 na sekunde 33. Ameeleza mara nyingi kwamba kuishi chomboni kwa muda mrefu, na chakula, mafuta na vifaa ambavyo haviwezi kuongezwa hadi kufika nchi kavu, ndiko kulikomfanya aanze kujiuliza kuhusu akiba ya dunia nzima. Aliachana na mashindano na mwaka 2010 akazindua taasisi ya Ellen MacArthur Foundation, ambayo hutaja kanuni tatu za uchumi mzunguko: kuondoa taka na uchafuzi tangu hatua ya kubuni, kuzungusha bidhaa na malighafi zikiwa katika thamani yake ya juu kabisa, na kuihuisha asili.

Maneno "katika thamani yake ya juu kabisa" ndiyo yenye uzito. Tanga linaloendelea kuwa tanga lina thamani kubwa kuliko tanga lililokatwa kuwa mkoba, na mkoba una thamani kuliko chembe za plastiki zilizoyeyushwa. Wengi wanaozungumzia matanga "rafiki kwa mazingira" huruka ngazi hizi na kuanzia chini.

Matanga kabla ya plastiki

Katika pwani ya Afrika Mashariki mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, ulikuwa na tanga la mraba la mkeka uliosukwa kwa majani ya miti ya jamii ya mnazi. Chombo kizima, kuanzia ubao hadi tanga, kilitoka katika mimea. Kilipochakaa hakikuacha kitu ambacho ardhi haingeweza kukila. Majahazi yaliyofuata yalitumia vitambaa vya pamba. Mnamo 1938 na 1939 mwandishi na baharia Alan Villiers wa Australia alisafiri na jahazi la Kuwait hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji, na ameeleza jinsi mabaharia walivyokata na kushona matanga yao wenyewe, bila karakana wala mashine.

Ulaya ilitegemea kitani na nyuzi za mmea wa bangi kwa karne nyingi. Tanga moja la meli ya kivita ya Uingereza HMS Victory, lililokuwapo katika vita vya Trafalgar mwaka 1805, bado linatunzwa Portsmouth likiwa na matundu yapata 90. Pamba ilipata sifa mwaka 1851, pale jahazi la mashindano lililoitwa America lilipovishinda vyombo vya Uingereza katika mbio za kuzunguka kisiwa cha Wight. Matanga yake ya pamba iliyofumwa kwa mashine yalikaa bapa kuliko ya kitani yaliyonyumbuka. Viwanda vya pamba vya kaskazini-mashariki mwa Marekani ndivyo pia vilivyoleta Zanzibar kitambaa kilichopewa jina la merikani.

Matanga makuukuu yalikuwa na soko. Mabaharia waliyakata na kuyapaka mafuta ya kitani ili kupata makoti yasiyopenya maji. Viwanda vya karatasi vilinunua matambara ya kitani, matanga na kamba kuukuu kama malighafi, maana kabla ya teknolojia ya kutumia mbao karatasi ilitegemea nyuzi zilizokwisha kutumika. Kamba zilizochakaa zilichambuliwa nyuzi na kutiwa lami kwa ajili ya kalafati.

Si vyema kuupamba sana wakati huo. Matanga ya pamba yalishambuliwa na koga yakikunjwa yakiwa mabichi, na yalihitaji kuanikwa kila mara. Ili kuyalinda, wavuvi wa Ulaya waliyaloweka katika supu ya magome ya mialoni au katika katu kutoka Asia ya Kusini, au kuyapaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya samaki. Ndiyo asili ya matanga mekundu ya mashua za mizigo za mto Thames. Magome ya mikoko ya pwani yetu nayo yaliuzwa nje kwa sababu ya tanini iliyomo. Pamoja na jitihada hizo zote tanga la pamba lilidumu muda mfupi kuliko la poliesta, na mashamba ya pamba yalikuwa na gharama zake kwa watu na kwa udongo.

Kuja kwa plastiki

Nailoni ilivumbuliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers katika kampuni ya DuPont ya Marekani. Mwaka 1941 John Rex Whinfield na James Tennant Dickson wa Uingereza walipata nyuzi za poliesta, ambazo DuPont iliziuza kwa jina la Dacron. Katika miaka ya 1950 poliesta iliiondoa pamba katika matanga ya kawaida kwa sababu haiozi, hainyonyi maji mengi na hunyumbuka kidogo. Nailoni, inayonyumbuka zaidi, ikabaki kwa matanga mapana na mepesi ya kupokea upepo wa nyuma, yaitwayo spinaka.

Baadaye wabunifu walianza kubandika nyuzi kwenye utando mwembamba wa poliesta. Aramidi, iliyotokana na kazi ya mwanakemia Stephanie Kwolek mwaka 1965 na kujulikana kwa jina la Kevlar, ilileta nguvu kubwa kwa uzito mdogo. Zikafuata nyuzi za poliethilini yenye molekuli ndefu mno, mfano Dyneema, na nyuzi za kaboni. Tanga la mashindano la leo laweza kuwa na aina tatu au nne za nyuzi, tabaka mbili za utando, kitambaa chepesi cha nje na gundi inayoshika vyote. Kwa mwendo ni hatua kubwa mbele. Kwa anayetaka kulirejeleza ni sawa na kuagizwa kutenganisha unga na sukari ndani ya keki iliyookwa.

Jinsi tanga linavyokufa

Ili kuelewa lipi laweza kuokolewa, ni lazima kujua kinachoharibika. Adui wa kwanza ni miale ya urujuanimno ya jua, inayovunja minyororo ya molekuli za plastiki. Nailoni huumia upesi kuliko poliesta, na aramidi nayo hupoteza nguvu juani. Adui wa pili ni kupigapiga: tanga linalopepea bila kukazwa hujikunja maelfu ya mara, na gundi iliyo kati ya nyuzi hupasuka. Wa tatu ni msuguano dhidi ya mlingoti na kamba. Chumvi ikikauka huacha fuwele zinazosugua nyuzi kutoka ndani.

Mara nyingi kinachokufa kwanza ni mshono. Uzi wa kushonea hukaa juu ya kitambaa, hivyo hupokea jua na msuguano kabla ya kitambaa chenyewe. Tanga linaloonekana limekwisha huenda linahitaji kushonwa upya tu.

Jambo la pili ni umbo. Tanga si pazia. Ni bawa lililosimama, na nguvu yake hutegemea mkunjo uliokatwa na fundi kwa vipimo. Kitambaa kikinyumbuka, kina cha mkunjo huongezeka na kusogea nyuma, chombo huinama zaidi na kuendelea kidogo. Kwa mshindani tanga la namna hiyo halina kazi tena, hata kama kitambaa chake bado kizima. Kwa mtu anayesafiri polepole, au mvuvi anayetoka alfajiri na kurudi jioni, lina miaka mingi mbele. Tofauti hiyo ya mahitaji ndiyo inayowezesha soko la matanga yaliyotumika.

Kurefusha maisha

Hapa ndipo faida kubwa ilipo, ingawa hapavutii matangazo. Tanga likidumu mara mbili ya muda wake, hitaji la kitambaa kipya hupungua kwa nusu, na hakuna mtambo wa kurejeleza unaoweza kushinda hesabu hiyo.

Njia zinajulikana. Tanga la mbele linalojikunja kwenye waya wake hushonewa ukanda wa kitambaa cha kukinga jua ukingoni, na ukanda huo hubadilishwa peke yake ukichakaa. Tanga kuu hufunikwa likiteremshwa. Chumvi huoshwa kwa maji baridi yasiyo na sabuni kali, na tanga hukaushwa kabla ya kukunjwa. Mafundi wengine hushona kwa uzi wa PTFE, ambao hauharibiwi na jua; ni ghali, lakini mshono wake huishi kuliko kitambaa. Tanga lililopoteza umbo laweza kukatwa upya kwa kufumua mishono michache na kupunguza mkunjo, kazi ambayo fundi mzoefu huimaliza haraka kuliko kushona tanga jipya.

Soko la mitumba ya matanga nalo si jipya. Mjini Annapolis, Marekani, duka la Bacon Sails limekuwa likipokea na kuuza matanga yaliyotumika tangu 1959. Kila tanga hupimwa pande zake tatu na hali yake hukaguliwa, kisha mnunuzi hutafuta linalolingana na mlingoti wake. Shirika la Clean Sailors la Uingereza nalo limeanzisha mpango uitwao ReSail wa kuwaunganisha wenye matanga wasiyoyahitaji na wanaoweza kuyatumia.

Kisa chenye uzito zaidi kinatoka Haiti. Wavuvi wengi wa huko hutumia mashua za matanga, na wasio na uwezo wa kununua kitambaa hushona matanga kwa karatasi za plastiki na maturubai yanayochanika haraka. Tanga likichanika mbali na pwani, mvuvi hana injini ya kumrudisha. Shirika la Sails for Sustenance kutoka Miami hukusanya matanga yaliyostaafishwa na wamiliki wa boti za starehe wa Marekani na kuyapeleka kwa wavuvi hao, ambao huyakata upya yalingane na mashua zao. Poliesta iliyofumwa ndiyo inayofaa. Matanga ya utando na kaboni hayafai, kwa sababu hayashoneki kwa mkono kirahisi na hayatengenezeki yakianza kubanduka. Yaani chaguo la kitambaa linalofanywa na tajiri leo ndilo linaloamua kama mvuvi atanufaika na tanga hilo baadaye au atapelekewa taka.

Mikoba na bidhaa nyingine

Matumizi ya pili yanayoonekana zaidi ni mikoba. Kampuni ya Sea Bags ilianza Portland katika jimbo la Maine mwaka 1999, na 727 Sailbags ilianza Lorient, Ufaransa, mwaka 2005. Zote mbili hupokea matanga makuukuu, mara nyingine kwa kumpa mwenye tanga mkoba kama malipo, na kuyakata kwa mkono. Namba za tanga, viraka na alama za chumvi huachwa zionekane, kwani mnunuzi hulipia historia.

Huko Lamu mafundi na wasanii hufanya kazi ya aina hiyo kwa matanga ya majahazi. Turubai ya pamba iliyofifia kwa jua na kujaa viraka hushonwa kuwa mikoba, au hupakwa rangi na kuandikwa maneno, kisha huuzwa kwa wageni. Kwa nahodha wa jahazi hii ina maana kwamba tanga kuukuu lina bei, na bei hiyo husaidia kununua jipya.

Kwa kipimo cha uchumi mzunguko, hata hivyo, mkoba ni kituo cha mwisho chenye mandhari nzuri. Hurefusha maisha ya kitambaa, hutoa ajira, huzuia ununuzi wa kitambaa kingine, lakini baada ya mkoba hakuna mzunguko. Isitoshe tanga moja kubwa hutoa mikoba mingi mno, na dunia haihitaji mikoba mingi kama ilivyo na matanga.

Urejelezaji wa malighafi

Tanga lisilofaa tena kwa lolote hubaki na njia mbili: kuyeyushwa au kuvunjwa kikemia.

Poliesta, ambayo ni PET ileile ya chupa za maji, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hadi 260 hivi za selsiasi na kuvutwa kuwa uzi mpya. Kwa tanga kuna vizuizi. Kitambaa cha Dacron hujazwa resini ili kiwe kigumu, na resini hiyo huchafua plastiki iliyoyeyushwa. Zaidi ya hayo, minyororo iliyokatwakatwa na jua hutoa uzi dhaifu. Ndiyo sababu PET ya tanga kuukuu ikiyeyushwa huishia kuwa kijazio au bidhaa ya daraja la chini. Njia ya kikemia huivunja PET hadi kwenye viambato vyake vya awali, ambavyo husafishwa na kuunganishwa upya, na plastiki inayopatikana hulingana na mpya. Gharama na nishati inayotumika ni kubwa, na viwanda hivyo vinataka mzigo mwingi wa aina moja, jambo ambalo sekta ndogo ya matanga haiwezi kulitoa peke yake.

Nailoni 6 inaweza kurudishwa kwenye kaprolaktamu, kiambato chake cha awali. Kampuni ya Aquafil ya Italia hufanya hivyo kwa nyavu za uvuvi na mazulia na kuuza uzi uitwao Econyl. Lakini nailoni zipo aina nyingi, na mtambo huo haukubali nailoni 6,6 badala ya nailoni 6, kwa hiyo spinaka isiyo na lebo ya kitambaa chake ni fumbo kwa mrejelezaji.

Nyuzi za nguvu ni ngumu zaidi. Poliethilini ya Dyneema hulainika kwenye joto la chini, lakini molekuli zake ni ndefu kiasi kwamba haitiririki kama plastiki ya kawaida. Aramidi haiyeyuki, ikipata joto kali huungua na kuvunjika, hivyo husagwa tu na kutumika kama nyuzi fupi. Kaboni hupatikana tena kwa kuchoma resini bila oksijeni, ila nyuzi zinazotoka zimekwisha kuwa fupi na hazifai tanga lingine.

Kubuni kwa ajili ya kutenganisha

Kwa sababu hizo karakana kadhaa zimegeukia hatua ya kubuni. Kanuni yenyewe ni nyepesi kuitamka: tanga liwe la malighafi moja, au la malighafi zinazobanduka. Tanga hata la kawaida lina pete za shaba au chuma cha pua, vipande vya fibaglasi vya kulikaza, kamba ukingoni, namba za kubandika na ngozi kwenye pembe. Fundi akishona pembe kwa kamba badala ya kubana pete za chuma, anayelirejeleza baadaye atahitaji kisu tu.

Elvstrøm Sails ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1954 na Paul Elvstrøm, mshindi wa medali nne za dhahabu za Olimpiki kati ya 1948 na 1960, ilileta mwanzoni mwa miaka ya 2020 kitambaa kiitwacho EKKO ambacho nyuzi, utando na kitambaa chake cha nje vyote hutokana na PET iliyorejelezwa. OneSails ya Italia hutengeneza tanga liitwalo 4T Forte bila utando wa Mylar, gundi wala viyeyusho, na kulitangaza kuwa linarejelezeka. North Sails ina matanga ya safari yanayotumia malighafi iliyorejelezwa na poliethilini isiyotokana na mafuta ya petroli.

Poliethilini hiyo huhesabiwa kwa mizania: kiwanda huingiza mabaki ya mimea pamoja na mafuta ya petroli katika tanuri moja, kisha sehemu ya bidhaa hutajwa kuwa ya mimea kwa kiasi kilichoingizwa. Ni njia halali ya hesabu, lakini mnunuzi anayedhani ameshika mkononi uzi wa mti peke yake hajaelezwa vya kutosha.

PET iliyorejelezwa nayo ina swali lake. Takriban yote hutoka kwenye chupa. Chupa inaweza kuwa chupa tena mara kadhaa. Ikigeuzwa tanga huondoka kwenye mzunguko ambao tayari unafanya kazi na kuingia kwenye bidhaa ambayo bado haina pa kurudi. Tanga la chupa hupunguza matumizi ya mafuta ya petroli, na hilo ni jema, lakini lenyewe halijafunga mzunguko wa matanga hadi kuwe na anayelipokea likichakaa.

Karakana pia hupunguza mabaki ya kukata. Kompyuta hupanga vipande kwenye kitambaa kama mshonaji anavyopanga ruwaza, na matanga yanayofinyangwa yakiwa na umbo lake kamili hayaachi mabaki mengi. Kwa bahati mbaya hayo ya kufinyangwa ndiyo yenye malighafi mchanganyiko zaidi.

Hali ya pwani ya Afrika Mashariki

Mashua na ngalawa kutoka Lamu hadi Kilwa na kuendelea Msumbiji na Madagaska bado hutumia matanga kwa kazi, si kwa starehe. Humo viraka ni jambo la kila siku, na matanga yaliyoungwa kwa magunia ya unga au mchele yanaonekana pwani nzima. Kwa mtazamo wa juu huu ni uchumi mzunguko uliokamilika: hakuna kinachotupwa kabla ya wakati wake. Lakini viroba vya leo ni vya polipropilini, plastiki isiyovumilia jua isipowekewa kinga. Baada ya muda hupukutika vipande vidogo vidogo, na vipande hivyo huangukia maji yaleyale ambamo mvuvi hutega wavu. Kiraka cha merikani hakikuwa na tatizo hilo.

Mradi uliovuta macho ya wengi kuhusu plastiki na majahazi ni Flipflopi, jahazi lililojengwa Lamu kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndala kuukuu zipatazo 30,000. Lilishushwa majini mwaka 2018 chini ya usimamizi wa fundi Ali Skanda, na mapema mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Plastiki hiyo ilikwenda kwenye mbavu na mbao za jahazi. Tanga ni suala tofauti, kwa kuwa kuvuta uzi imara kutoka taka mchanganyiko ni kazi ngumu kuliko kufinyanga ubao mnene.

Kenya ilipitisha mwaka 2022 sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayomfanya mzalishaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kuiuza. Nchini Ufaransa wajibu wa namna hiyo umewahusu watengenezaji na waagizaji wa boti za starehe tangu 2019: huchangia gharama za kuvunja boti zilizokwisha maisha. Kwa tanga la ngalawa ni vigumu kumtaja mzalishaji, maana mara nyingi ni mvuvi mwenyewe na sindano yake.

Vikwazo na matazamio

Kikwazo kikuu ni ukusanyaji. Matanga makuukuu yametawanyika kwenye mabanda, vyumba vya chini vya nyumba na maghala ya bandari elfu moja, kila moja likiwa la kitambaa tofauti na bila maandishi ya kueleza ni kipi. Lebo iliyoshonwa pembeni ikitaja malighafi ingegharimu senti chache na kuokoa kazi kubwa. Kampuni za kukodisha boti zina nafasi nzuri zaidi, kwa vile huagiza matanga mengi ya aina moja na kuyabadilisha kwa pamoja. Ni rahisi kwao kukubaliana na karakana kwamba tanga ni la kukodi na litarudi, kama Stahel alivyopendekeza kwa bidhaa nyingine.

Mashindano huvuta upande wa pili. Timu hubadilisha matanga kabla hayajachakaa, na teknolojia wanayoanzisha hushuka baadaye hadi kwa boti za kawaida. Shirika la World Sailing lilipitisha mwaka 2018 ajenda yake ya uendelevu hadi 2030, lakini idadi ya matanga anayoruhusiwa mshindani huamuliwa na kanuni za kila daraja la mashindano. Madaraja yenye kikomo cha matanga kwa msimu hupunguza gharama na taka kwa sentensi moja ya kanuni.

Wakati huohuo meli za mizigo zinarudi kwenye upepo. Mwaka 2024 kampuni ya TOWT ya Ufaransa ilianza kusafirisha mizigo kwa meli mbili za matanga, Anemos na Artemis, kutoka bandari ya Le Havre, na meli nyingine zinafungwa mabawa magumu au matanga ya kujaza hewa ili kupunguza mafuta. Meli moja ya namna hiyo hubeba matanga makubwa kuliko boti nyingi za starehe kwa pamoja, huyachosha kwa kusafiri mwaka mzima, na huyarudisha bandari ileile kwa mmiliki yuleyule.